Tulipie Barabara, Lakini Daftari Liwe Wazi

Leo nataka tuzungumze kuhusu kulipia barabara, jambo ambalo ukilitaja ndani ya matatu hakuna abiria atakayenyamaza. Sitaki tubishane kama Serikali ina haki ya kutoza ada, maana sheria inairuhusu tangu zamani. Ninachotaka kujua ni hiki: ni kitu gani humfanya mwananchi alipe bila kunung'unika, na ni kitu gani humfanya akatae katakata hata kama pesa anazo?

Sisi wa Loresho, hapa Nairobi, tuna sababu ya kulijadili jambo hili kuliko wengine wengi. Ukitoka kwetu ukashika Waiyaki Way kuelekea mjini, hujakaa sana umefika makutano ya barabara ya James Gichuru, pale ambapo barabara ya kulipia ya Nairobi Expressway inaanzia au inaishia, kutegemea unakokwenda. Ukigeukia upande wa pili ukapanda Uthiru, Kinoo na Kikuyu, utafika Rironi. Hapo ndipo inapoanzia barabara nyingine ya kulipia, ya kwenda Nakuru hadi Mau Summit, ambayo ujenzi wake Rais William Ruto aliuzindua mwishoni mwa Novemba 2025. Kati ya James Gichuru na Rironi tumebakiwa na kilomita kama 25 za lami isiyo na kizuizi, iliyopanuliwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Kwa hiyo mashariki kuna lango la kulipia, magharibi linakuja lango la kulipia, na sisi tuko katikati. Tusipofikiri mapema tutakuja kufikiriwa na wengine.

Tuanze na lango la karibu. Expressway ina urefu wa kilomita 27.1, kutoka Mlolongo hadi hapa Westlands. Ilijengwa na kampuni ya Kichina, China Road and Bridge Corporation, kwa fedha ilizozitafuta yenyewe, na kampuni yake ya Moja Expressway ndiyo inayokusanya ada. Mkataba ni wa miaka 27, kisha barabara irudi mikononi mwa Serikali. Magari yalianza kupita kwa majaribio Mei 2022, na Rais Uhuru Kenyatta akaizindua rasmi Julai 31 mwaka huohuo, siku chache kabla ya uchaguzi mkuu.

Utakumbuka maneno yaliyosemwa wakati nguzo zile zilipokuwa zikiinuka. Barabara ya matajiri. Barabara ya wabunge kukimbilia uwanja wa ndege. Wengine wakaapa kwamba hawataikanyaga. Leo magari yanayoipanda kila siku ni makumi ya maelfu, na si yote ya matajiri. Kuna teksi, kuna pikapu za wafanyabiashara wa Industrial Area, na kuna matatu.

Matatu hizo ndizo zenye somo. Panda matatu inayotoka Kitengela asubuhi ya siku ya kazi. Ikikaribia Mlolongo, dereva anapunguza mwendo, naye kondakta anageuka na kuuliza: "Wasee, chini imeshika. Tupande juu ama tukae? Mkipanda ni hamsini hamsini." Mwanafunzi wa kiti cha nyuma anasema hana. Mama mwenye faili la hospitali mapajani anasema yeye daktari anamngoja. Jamaa wa mlangoni anauliza mara mbili kama kweli juu hakuna ajali. Kijana aliyevaa tai anamlipia mwanafunzi, mzee mmoja ananung'unika lakini anatoa, na kabla wimbo wa redio haujaisha gari limeshapita kwenye kizuizi na linaserereka kuelekea mjini.

Msikilizaji, huo ni mkutano wa hadhara bora kuliko mingi iliyoitishwa na wizara. Hebu tazama kilichofanyika. Kila mtu alijua bei kabla ya kutoa pesa. Kila mtu aliliona tatizo kwa macho yake, kwa maana foleni ilikuwa mbele ya kioo. Kila mtu alijua atapata nini, na angekipata saa hiyohiyo, si baada ya miaka mitano. Asiyekuwa nacho alipata wa kumsaidia. Na zaidi ya yote, walikuwa na hiari: kama wangekataa, njia ya chini ilikuwepo na nauli ingebaki ileile.

Bei wazi, faida inayoonekana, msaada kwa asiyejiweza na njia mbadala. Pale haya manne yanapokutana, Mkenya analipa. Yakikosekana analalamika, na akilalamika ana haki. Hoja yangu leo ni kwamba ukubali wa umma hauletwi na matangazo ya televisheni wala semina za hotelini. Unaletwa na masharti ya ile ada yenyewe.

Sasa tutazame mahali mambo yalipoharibika. Expressway ilipofunguliwa, gari dogo lililopita kutoka mwanzo hadi mwisho lililipa shilingi 360. Mwanzoni mwa Januari 2024, aliyekuwa Waziri wa Barabara, Kipchumba Murkomen, akatangaza bei mpya, na safari ileile ikawa shilingi 500. Sababu iliyotolewa ni kwamba shilingi imeporomoka dhidi ya dola, na mwekezaji alikopa kwa dola. Sawa, hesabu hiyo inaeleweka. Lakini miezi michache baadaye shilingi ikapata nguvu, ikatoka karibu 160 kwa dola moja ikarudi karibu 130. Je, ada ilishuka? Haikushuka. Sasa mweleze dereva wa teksi pale ABC Place kwamba ada hufuata dola. Atakuuliza mbona huifuata inapopanda mlima tu.

Hapo ndipo imani inapovuja. Huenda mkataba una maelezo. Huenda kuna kipengele kinachosema ada hurekebishwa lini na kwa kiasi gani. Lakini mwananchi wa kawaida hajauona mkataba huo ukiwa umewekwa mahali anapoweza kuusoma, na Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 35, inampa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mtu akilipa bila kuliona daftari, hata kama hakuna senti iliyopotea, moyoni mwake ameshaihesabu kuwa imeibwa.

Tena si mara ya kwanza kwa Mkenya kuahidiwa jambo kuhusu barabara. Vijana wengi hawajui kwamba nchi hii ilikuwa na vituo vya kutoza ada barabarani miaka ya themanini. Sheria ya ada za barabara za umma ilipitishwa 1984. Vituo vikajengwa kwenye barabara kuu, magari yakisimama kulipa. Vilikwisha kubomolewa lakini majina yamebaki: ukipita Thika Road baada ya Ruiru, kondakta bado anaita "Toll", na abiria wanashuka bila kujua kwamba pale palikuwa na mlango wa pesa.

Vituo vile viliondolewa kwa makubaliano. Mwaka 1993 Bunge lilipitisha sheria ya Hazina ya Matengenezo ya Barabara, na tangu hapo kila lita ya petroli na dizeli ikatozwa kiasi fulani. Maana yake ilikuwa rahisi: usisimame tena barabarani kulipa, utalipia kwenye pampu. Ada hiyo imepanda kwa vipindi, na Julai 2024 ikatoka shilingi 18 hadi shilingi 25 kwa lita.

Basi mwananchi anapoambiwa alipe tena langoni, anauliza: kwani ile ya pampu ni ya nini? Ni swali halali, na tulijibu kwa hesabu. Chukua gari dogo linalokwenda kilomita 10 kwa lita moja. Kwa shilingi 25 kwa lita, mwenye gari analipa shilingi mbili na nusu kwa kila kilomita, barabara iwe nzuri au iwe mashimo. Ada ya Rironi hadi Mau Summit imetajwa kuwa shilingi 8 kwa kilomita kwa gari dogo. Kilomita 175 mara 8 ni shilingi 1,400 kwenda peke yake. Kwa hiyo katika barabara hiyo atalipa ile mbili na nusu ya pampu, halafu juu yake aweke nyingine nane. Hakuna afisa anayepaswa kushangaa watu wakipiga kelele.

Na kelele zinaongezeka wanapojua pesa za pampu zimeenda wapi. Mwaka 2025 Serikali iliamua kwamba shilingi 7 kati ya zile 25 ziwekwe rehani ili zipatikane shilingi bilioni 175 za kuwalipa wanakandarasi wa barabara waliokuwa wakidai kwa miaka. Wanakandarasi walistahili kulipwa, dawa ya deni ni kulipa. Lakini hiyo ina maana kwamba sehemu ya pesa unazolipa leo kwa ajili ya matengenezo ya kesho inalipia lami ya jana.

Ukitaka kuona ukubali ukikosekana kabisa, kumbuka Juni 2024. Mswada wa Fedha wa mwaka ule ulikuja na kodi ya magari ya asilimia 2.5 ya thamani ya gari kila mwaka, kuanzia shilingi 5,000 hadi shilingi 100,000. Kodi hiyo haikuuliza unaendesha gari mara ngapi. Mwalimu mstaafu wa Loresho mwenye gari la kwenda kanisani Jumapili na dukani Jumatano angelipa sawa na jirani yake anayeendesha gari la thamani ileile kila siku hadi katikati ya jiji na kuongeza msongamano. Kifungu hicho kiliondolewa katikati ya Juni, vijana walipokuwa ndio wanaanza kuingia barabarani, na baada ya maandamano ya Juni 25 Rais akaukataa mswada mzima. Somo lake ni kwamba watu hawapimi kiasi tu. Wanapima haki.

Sasa nijitetee kidogo, maana najua kuna msikilizaji anayesema: huyu anataka barabara zote ziwe bure. Hapana. Barabara bure haipo. Ile ya pampu nayo ina dhuluma zake. Mkulima anayeendesha pampu ya maji kwa dizeli analipia barabara asiyoikanyaga. Mwenye bodaboda wa Lodwar analipa kwa lita sawa na mwenye gari kubwa anayeziba Waiyaki Way saa mbili asubuhi, ilhali mmoja anapita peke yake na mwingine anawachelewesha watu mia. Halafu kuna mabasi ya umeme. Tangu 2022 Nairobi ina mabasi ya BasiGo, na pikipiki za umeme zinazidi kuongezeka. Hizo hazinunui petroli, kwa hiyo hazilipi hiyo ada hata senti. Zikiwa chache hakuna neno. Zikiwa nyingi, hazina ya barabara itakauka. Taka usitake, siku inakuja ambapo tutalipia kilomita badala ya lita. Kilichobaki ni kuamua kwa masharti gani.

Majirani zetu wameshapita njia hiyo, tuwatazame. Dar es Salaam wana Daraja la Nyerere la Kigamboni, lililofunguliwa Aprili 2016. Sehemu kubwa ya fedha ilitoka kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii wa Tanzania, NSSF, na ada ikawekwa ili mfuko urudishe pesa za wanachama. Watu wa Kigamboni walifurahia daraja, kwani kabla yake ilikuwa ni kungoja pantoni. Lakini furaha ikageuka kinyongo, na sababu haikuwa kiasi peke yake. Walitazama madaraja mengine yaliyojengwa na Serikali, likiwemo la Tanzanite mjini humohumo, yakipitwa bure, wakauliza: mbona sisi tu? Mwaka 2022 Serikali ikalazimika kupunguza viwango.

Swali hilohilo linaulizwa leo Nakuru. Thika Road ilikamilika 2012, njia nane, na hadi leo inapitwa bure. Mbona mtu wa Thika apite bure na mtu wa Naivasha alipe? Serikali isipokuwa na jibu la usawa, hata ada ya shilingi moja kwa kilomita itaonekana kuwa adhabu. Na angalieni jambo lingine: NSSF yetu nayo imeingia kwenye mradi wa Rironi, ikishirikiana na China Road and Bridge Corporation, huku sehemu nyingine ikipewa Shandong Hi-Speed. Ina maana mfanyakazi wa mtaa jirani wa Kangemi anayekatwa mshahara kila mwezi ni mwekezaji wa barabara hiyo, na akienda matanga Molo atakuwa mlipaji wake pia. Mtu huyo ana haki maradufu ya kuliona daftari.

Uganda walifanya kwa namna nyingine. Barabara ya Kampala hadi Entebbe, kilomita 51, ilifunguliwa Juni 2018, lakini ada haikuanza hadi Januari 2022. Watu waliionja kwa zaidi ya miaka mitatu kabla ya kuulizwa pesa. Ilipoanza, gari dogo likawa linalipa shilingi 5,000 za Uganda, na barabara ya zamani ya Entebbe ikabaki wazi kwa asiyetaka kulipa. Manung'uniko yalikuwepo, lakini nchi haikutikisika. Waganda walijua wananunua nini, na asiyetaka kununua hakulazimishwa.

Huko mbali kuna mfano mmoja unaostahili kusimuliwa polepole. Mji wa Stockholm, Sweden, ulitaka kuwatoza wenye magari wanaoingia katikati ya mji ili kupunguza foleni. Wengi walipinga. Viongozi wakafanya jambo ambalo viongozi wetu hawalipendi: wakaijaribu ada kwa muda maalumu, kuanzia Januari 3 hadi Julai 31, 2006, wakaongeza mabasi kabla ya kuanza, halafu wakaizima kabisa. Katika miezi ile magari yanayoingia katikati ya mji yalipungua kwa takriban gari moja kati ya matano. Kisha Septemba watu wakapiga kura. Walikuwa wameshaonja barabara zenye nafasi, na walikuwa wameshaona foleni inavyorudi ada inapozimwa. Zaidi kidogo ya nusu wakasema ndiyo, na mwaka uliofuata ada ikarudi kwa kudumu. Baada ya miaka michache, hata wengi wa waliokuwa wakipinga wakaiunga mkono.

Linganisha na Edinburgh, Scotland. Wao Februari 2005 waliwauliza watu kwanza, kabla ya kuonja chochote. Karibu robo tatu wakasema la, na mpango ukafa. London nayo ilianza Februari 2003 kwa pauni 5 kwa siku, na meya Ken Livingstone akahakikisha mabasi ya ziada yapo barabarani siku ileile. Lakini mwaka 2007 walipoisogeza ada hadi vitongoji vya magharibi, mitaa ya wenye nacho, wakazi wakaipinga hadi ikaondolewa na meya aliyefuata, Boris Johnson. Hilo tulikumbuke sisi wa vitongoji vya magharibi vya Nairobi. Wenye sauti kubwa wanaweza kuiua ada hata pale inapowafaa wengi.

Na hapo ndipo nataka tujitazame wenyewe, watu wa Loresho. Simama kwenye njia ya kutoka Kangemi saa kumi na mbili unusu asubuhi. Utawaona wanaopanda kuja kwetu kwa miguu: dada wa kazi za nyumbani, walinzi wanaobadilishana zamu, mafundi wenye mifuko ya vifaa mabegani, watoto wa shule wakishikana mikono. Mama wa chai ameketi na chupa zake mbili za thermosi na ndoo ya mandazi, mahali ambapo pangepaswa kuwa njia ya miguu lakini pamekuwa maegesho ya bodaboda. Wapita njia wanashuka barabarani kumkwepa, na gari linapiga honi nyuma yao. Katika safari kumi zinazofanywa Nairobi kwa siku, takriban nne ni za miguu. Hao hawasababishi foleni. Hawachafui hewa. Na wakipanda matatu, wanakaa kwenye foleni iliyosababishwa na gari langu na lako, kila moja likiwa na mtu mmoja ndani.

Kwa hiyo mimi niko tayari kulipa. Nasema hivi hewani, na najua kesho nitaulizwa kwenye lango la mtaa. Mwenye gari anayetaka kupita Waiyaki Way kuingia mjini saa ambazo kila mtu anapita, achangie. Lakini pesa hizo zionekane Kangemi kabla hazijaonekana penginepo: njia ya miguu iliyo na kingo, taa za barabarani zinazowaka, kivuko ambacho mama hatakimbia akiwa na mtoto mgongoni, na basi la haraka lenye njia yake. Tumeahidiwa mabasi ya haraka tangu mamlaka ya usafiri ya jiji, NaMATA, iundwe 2017, na hadi leo hakuna njia moja inayobeba abiria. Huwezi kumwambia mtu aache gari nyumbani ilhali hujamwonyesha atapanda nini.

Tulishajaribu kuanza na mwisho, tukaona. Desemba 2018 matatu zilipigwa marufuku kuingia katikati ya jiji. Watu walitembea kwa miguu kutoka pembezoni mwa mji, wazee kwa vijana, wagonjwa wakiwemo, na marufuku haikudumu hata siku mbili. Wiki chache baadaye, mapema 2019, zikatangazwa siku za kutoingiza magari katikati ya jiji, Jumatano na Jumamosi. Zikaahirishwa kabla ya kuanza, na hadi leo hatujaziona. Makosa yalikuwa yaleyale: tulinyang'anywa kabla ya kupewa.

Lakini tusiseme kwamba sauti ya mwananchi haisikiki. Pale Waiyaki Way, Westlands, kuna mti wa mugumo uliosimama kwa zaidi ya miaka mia moja. Wajenzi wa Expressway walipanga kuung'oa. Watu wakasimama, wakaandika, wakapiga picha, wakasali chini yake. Novemba 2020 Serikali ikatangaza kwamba mti huo ubaki na barabara iupishe. Ulibaki, na barabara ikajengwa. Mwekezaji hakufilisika kwa sababu ya mti mmoja, wala Serikali haikuanguka kwa kusikiliza. Kama mkataba uliweza kupinda kwa ajili ya mti, unaweza kupinda kwa ajili ya watu.

Kwa hiyo, msikilizaji, nikuombe jambo. Mipango ya kutoza ada haitaishia Rironi. Kuna mazungumzo ya kuweka ada hata kwenye barabara zilizokwisha kujengwa kwa kodi zetu, na sheria inataka wananchi washirikishwe. Tangazo la mkutano likitoka, mara nyingi hutoka kwenye gazeti ambalo hukununua, na mkutano hufanyika siku ya kazi saa nne asubuhi. Nenda hata hivyo. Kama huwezi, chama cha wakazi wa mtaa wako kitume mtu, na tuwaombe wa Kangemi watume wao, tuketi meza moja.

Mkifika, msiende kupiga kelele tu kwamba hamtaki. Ulizeni maswali manne na mdai majibu yaandikwe. La kwanza: ada ni kiasi gani, hupanda lini, na je, hushuka lini? La pili: asiyeweza kulipa atapita wapi, na njia hiyo itatunzwa na nani? La tatu: pesa zitatengeneza nini hapa kwetu, na kazi hiyo itakamilika kabla ya siku ya kwanza ya kutoza au baada yake? La nne: mkataba uko wapi, na hesabu za kila mwaka zitabandikwa wapi ili tuzisome?

Wakijibu yote manne, tulipe, na tuwaambie majirani zetu walipe. Wakishindwa hata moja, tukatae kwa sauti moja, Loresho na Kangemi pamoja.